Mchezo Waweza Kumwonyesha Kijana Kazi Yake

Wazazi wengi wa Turkana, wala si wa Turkana peke yao, wamwonapo kijana akishinda uwanjani humwuliza, "Mpira huo utakulisha?" Swali hili si la dharau. Ni swali la mtu aliyeuza mbuzi ili apate karo, naye angependa kujua kama mbuzi wale wamekwenda bure. Kwa hiyo yafaa lijibiwe kwa hesabu ya kweli, si kwa maneno matamu ya siku ya kugawa vikombe.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Mji wa Lodwar, makao makuu ya Kaunti ya Turkana, uko kando ya mto Turkwel. Ukitoka hapo kuelekea kaskazini-magharibi kiasi cha kilomita 120 wafika Kakuma, penye kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992, wakati maelfu ya wavulana walipofika wakikimbia vita vya Sudan, wengi wao bila wazazi. (Wageni hupenda kuandika kwamba Kakuma ni neno la Kiswahili, maana yake "mahali pasipo kitu". Wasomaji wetu wajua kwamba neno hilo halimo katika Kiswahili chao.) Leo kambi hiyo, pamoja na makazi ya Kalobeyei yaliyo jirani, ina watu karibu 300,000. Kijana wa Lodwar na kijana wa Kakuma wote wawili huziona kazi chache tu mbele yao: ufugaji, ualimu, duka, pikipiki ya abiria, uaskari, na kazi katika mashirika. Kazi asiyoiona mtu hawezi kuitamani, wala hajui pa kuulizia njia yake.

Mmoja wa wavulana wale wa Sudan ni Bw. Lopez Lomong. Alitekwa na watu wenye silaha akiwa na umri wa miaka 6, akatoroka pamoja na wenzake, akafika Kenya, na akakaa Kakuma kiasi cha miaka 10. Katika kitabu chake amesimulia jinsi wavulana wa kambi walivyopenda mpira, nao wakazidi nafasi ya uwanja. Wakubwa wakatoa amri: anayetaka kucheza, kwanza aizunguke kambi yote mbio. Mzunguko huo ulikuwa kama kilomita 30. Basi Lomong akakimbia ili apate kucheza, wala hakujua kwamba kukimbia kwenyewe kulikuwa ndiyo shule yake. Mwaka 2000 alikwenda kwa miguu kutazama Olimpiki ya Sydney katika televisheni ya mtu, akalipa shilingi 5, akamwona Michael Johnson wa Marekani akishinda mbio za mita 400. Hapo kwa mara ya kwanza aliona kwamba kukimbia kwaweza kuwa kazi ya mtu. Mwaka 2001 alipelekwa Marekani, na mwaka 2008 ndiye aliyeshika bendera ya nchi hiyo katika Olimpiki ya Beijing.

Habari hiyo imesimuliwa mara nyingi. Isiyosemwa sana ni kwamba mbio zilimfikisha chuo kikuu, na mwaka 2011 alipata shahada ya uendeshaji wa mahoteli. Miguu haidumu, naye alilijua hilo mapema. Hali kadhalika Bw. Paul Ereng, Mturkana aliyezaliwa Kitale, ambaye mwaka 1988 huko Seoul aliwashangaza mabingwa wa dunia akanyakua dhahabu ya mita 800. Wakati huo alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Virginia, na baadaye akawa mwalimu wa mbio katika chuo kikuu cha El Paso, Texas.

Lakini sasa tufanye hesabu tuliyoahidi. Bi. Tegla Loroupe, mkimbiaji mashuhuri, alipeleka watu wake Kakuma kuwajaribu vijana kwa mbio. Waliochaguliwa walihamia Ngong kufanya mazoezi, na mwaka 2016 watano wakaenda Olimpiki ya Rio de Janeiro katika timu ya kwanza ya wakimbizi: Rose Lokonyen, Anjelina Lohalith, Paulo Lokoro, James Chiengjiek na Yiech Pur Biel. Watano, kutoka kambi yenye vijana maelfu kwa maelfu! Mzazi akijibiwa kwa majina hayo peke yake amedanganywa, kwa kuwa mtoto wake huenda asiwe miongoni mwao. Tena hao watano hawakurudi na medali. Bw. Biel alimaliza wa mwisho katika kundi lake la mita 800. Hata hivyo mwaka 2022 alichaguliwa kuwa mjumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, mkimbizi wa kwanza kukaa katika baraza hilo. Mbio hazikumpa ushindi. Zilimpa watu wa kujuana nao, desturi ya kazi, na ujasiri wa kusema mbele za wakubwa.

Je, mambo hayo yaweza kufundishwa kwa makusudi, badala ya kungojewa kama mvua? Walimu wengine wa Marekani wameyajaribu. Marehemu Don Hellison, aliyefundisha kwa miaka mingi katika mitaa ya maskini ya Chicago, alitumia mpira wa kikapu na michezo mingine kuwafunza vijana mambo matano kwa daraja: kuwaheshimu wenzao, kujitahidi, kujiongoza wenyewe, kuwasaidia wengine, na mwisho kuyachukua hayo nje ya uwanja, nyumbani na shuleni. Waliomfuata wakaongeza swali la kazi. Kijana hupewa zamu ya kuwafundisha wadogo zake mchezo, kisha huulizwa: Unatumaini kuwa nani? Unaogopa kuwa nani? Hatua ya kwanza ya kukufikisha au ya kukuepusha ni ipi?

Jambo hili halihitaji jumba la fahari. Katika uwanja wa vumbi wa Lodwar, jioni jua likipoa, mwalimu aweza kumpa mmoja filimbi, mwingine saa na daftari la kuandika mbio za wenzake, mwingine kamba na mambo ya kupima uwanja, na mwingine sanduku la dawa za majeraha. Wiki ifuatayo wabadilishane. Aliyefunga bendeji vizuri aambiwe kwamba chuo cha uuguzi kipo hapo hapo Lodwar, na masomo yatakiwayo ni yapi. Aliyetengeneza nguzo za goli apelekwe kuona karakana ya Don Bosco huko Kakuma, ambako vijana hufundishwa useremala, uashi na uchomeleaji. Mwenye daftari safi ndiye karani wa kesho. Sisi twaona kwamba daftari lafaa kupita filimbi, maana kijana aliyeandika hesabu ya wenzake miezi mitatu ana kitu cha kumwonyesha mwajiri.

Vizuizi vipo. Msichana huchota maji na kutafuta kuni saa ile ile ya mazoezi, kwa hiyo ratiba isiyoongea na mama yake haina maana. Bi. Lokonyen mwenyewe aliingia mbio zake za kwanza za kilomita 10 huko Kakuma kwa kushauriwa na mwalimu, akakimbia bila viatu, akatoka wa pili. Bila neno la mwalimu yule asingesimama mstarini. Pili ni njaa. Posho ya kambini imepunguzwa mara kwa mara, hata mwaka 2025 ilipungua sana, na mtoto asiyekula hafai kukimbizwa. Siku hiyo apewe kazi ya daftari.

Tatu ni karatasi. Vijana wawili waweza kucheza timu moja, mmoja raia na mmoja mkimbizi. Raia akikimbia vema, jeshi na polisi huweza kumchukua, kwa maana wana timu zao. Mkimbizi mlango huo kwake umefungwa. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 inamruhusu kufanya kazi kwa masharti, lakini kupata kibali ni safari nyingine. Mwalimu mwema hawaonyeshi wote wawili mlango mmoja. Huyu wa pili amweleze habari za urefa, ushonaji wa jezi na ufundi, na amsaidie kuulizia kibali hicho mapema, angali bado yuko shuleni.