Nzi wa Manyoya kwenye Ziwa la Wadudu

Mvuvi wa mshipi hutegemea uzito. Hufunga chubwi karibu na ndoana, hurusha, na chubwi huuvuta mshipi hadi mbali. Katika uvuvi wa nzi bandia kazi hiyo hufanywa na mshipi wenyewe. Ndoana ni ndogo, imevishwa manyoya na uzi ifanane na mdudu, nayo ni nyepesi mno kuweza kuruka peke yake. Mshipi ndio mnene na mzito. Mvuvi huurusha nyuma kwa ufito unaopindika, husubiri unyooke hewani, kisha huusukuma mbele na kusimamisha mkono ghafla. Ufito uliopinda hunyooka, na nguvu iliyokuwa ndani yake huhamia kwenye mshipi. Wanaoanza hushindwa hapo kwenye kusubiri: wakiwahi, mshipi haujanyooka na nguvu hupotea. Nzi mwenyewe hufungwa kwenye uzi mwembamba wa nailoni mwishoni mwa mshipi, ili atue bila kishindo.

Huku kwetu Afrika Mashariki uvuvi huu ulianzia kwenye baridi. Mwaka 1905 Ewart Grogan aliingiza samaki aina ya trauti kutoka Scotland na kuwapandikiza katika mto Gura, milima ya Aberdare nchini Kenya, na hadi leo wengi hudhani bila mto wa mlimani hakuna la kufanya. Sikubaliani nao. Kinachotakiwa ni samaki anayekula wadudu na mvuvi anayewajua wadudu hao, na kwa wadudu Ziwa Victoria ni tajiri kupindukia.

Mtu wa Kiseke, kama wakazi wengine wa Ilemela jijini Mwanza, ameyaona mawingu meusi yanayoinuka juu ya maji mithili ya moshi. Ni mamilioni ya wadudu wanaotoka ziwani kwa pamoja. Wengi ni wa jenasi Chaoborus. Kiluwiluwi chake kina mwili unaopitisha nuru. Mchana hujificha kwenye tope la chini, usiku hupanda kuwinda vijidudu. Akishapata mabawa huishi muda mfupi tu: anajamiiana, anataga, anakufa. Watafiti waligundua zamani kuwa hutoka kwa wingi karibu na mwezi mwandamo. Mdudu mwingine, Povilla adusta, ambaye kiluwiluwi chake hutoboa mbao zilizo majini, hungoja mwezi mpevu upite kidogo. Kwa hiyo ziwa lina kalenda mbili, na mvuvi wa nzi bandia anapaswa kuzijua zote. Wavuvi wa dagaa wanaijua kalenda ya mwezi siku nyingi: huingia ziwani wakati wa giza, zamani kwa karabai na sasa kwa taa za sola, na mbalamwezi ikitawala hupumzika.

Rangi ya nzi nayo inahitaji fikra. Katika Ghuba ya Mwanza wanaishi furu wawili wa karibu sana kinasaba: Pundamilia pundamilia, ambaye dume lake ni la buluu na hukaa maji ya juu, na Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere, ambaye dume lake ni jekundu na hukaa chini zaidi. Ole Seehausen na wenzake walionyesha kuwa macho yao yanatofautiana kulingana na mwanga wa kina wanachoishi. Maji yenye tope na mwani humeza mwanga wa buluu kwanza; unaobaki chini huelekea wekundu. Nzi wa buluu anayependeza mkononi, akizama huko huwa kivuli tu. Ndiyo maana natanguliza ukubwa, umbo na mwendo, rangi baadaye.

Wavuvi wa nchi za baridi huingia mtoni hadi kiunoni. Usiwaige. Ziwa letu lina kichocho, na pengine mamba. Rusha ukiwa kwenye mtumbwi au juu ya mawe, mahali ambapo nyuma yako hakuna mti wala mtu.

Nani wa kuanza naye? Sato. Zamani chakula chake kikuu kilikuwa mwani, lakini katika ziwa hili sasa anakula pia wadudu kwa wingi. Kabla hujanunua ufito, nenda soko la samaki la Kirumba mwaloni, nunua sato ambaye hajapasuliwa, fungua tumbo lake na uangalie alikula nini. Nzi wako wa kwanza mtengeneze afanane na hicho.