Choo Cheupe Si Jambo la Kucheka

Mpenzi msomaji, nakuomba usikunje pua. Leo nazungumza juu ya choo cha mtoto mchanga, tena cha rangi moja tu: nyeupe.

Katika Biolojia tulifunzwa kwamba ini hutengeneza nyongo. Nyongo hupita kwenye mirija myembamba hadi utumboni, ikasaidie kusaga mafuta. Tena ndiyo hukipa choo rangi yake. Sasa jiulize, mirija hiyo ikiziba itakuwaje? Nyongo itabaki ndani ya ini na kuliharibu. Macho yatakuwa manjano, mkojo utakuwa kama strungi, na choo kitakosa rangi, kiwe kama chokaa.

Ugonjwa wa namna hii upo, nao huwapata watoto wachanga. Ni nadra, lakini usipotibiwa huua. Mpasuaji Mjapani, Morio Kasai wa mjini Sendai, ndiye aliyebuni njia ya kuwasaidia, akaieleza kwa maandishi mwaka wa 1959. Mirija iliyoziba huondolewa, kisha utumbo huvutwa na kushonewa kwenye ini lenyewe ili nyongo ipate pa kupitia. Upasuaji huu hufaulu zaidi mtoto akiwa hajapita siku 60. Akichelewa, ini hujaa makovu, na huenda tumaini likawa ni kupewa ini la mtu mwingine tu.

Je, daktari hutazamaje ndani bila kisu? Mfikirie popo. Yeye hupiga sauti gizani na kusikiliza mwangwi, akajua ukuta uko wapi. Mashine ya altrasaundi nayo hutuma sauti tusizozisikia, na mwangwi wake huchora picha. Daktari hukitafuta kifuko cha nyongo. Kikiwa kidogo mno au hakionekani, hushuku na kuendelea na vipimo vingine. Mtoto haumii hata kidogo.

Taabu ni kwamba zaidi ya nusu ya watoto wachanga hupata umanjano wa kawaida, ambao aghalabu huisha kwa majuma mawili. Ndiyo maana jirani yetu mmoja aliambiwa, "Mwanike juani, mama, yataisha tu." Wengine walidai ati ni homa ya manjano, kumbe hiyo huletwa na mbu! Miezi mitatu ikapita. Alipofika hospitali aliambiwa amechelewa.

Huko Taiwan walipata dawa ya uchelewaji huo, nayo ni karatasi. Tangu mwaka wa 2004, wazazi nchini kote hupewa kadi yenye picha za rangi za choo. Mama hulinganisha nepi na kadi, basi. Watoto wengi zaidi wakaanza kupasuliwa kabla ya siku 60.

Dada yangu ana mtoto wa majuma matatu. Kila asubuhi mimi hutazama nepi zake, na wenzangu wanicheke watakavyo. Nawe, ukiwa na mdogo wako nyumbani, mtazame. Umanjano ukipita siku 14, au choo kikiwa cheupe, mwambie mama ampeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Wazee husema kawia ufike. Lakini kwa ini la mtoto, kukawia ni kutofika.