Joto Salama kwa Konokono wa Kufugwa

Konokono mkubwa wa Afrika Mashariki hustawi katika nyuzijoto 20 hadi 25 za Selsiasi. Baridi ikizidi, hujikunja ndani ya gamba, huziba mlango wake kwa ute na kuacha kula. Unaponunua mkeka wa umeme wa kupashia joto tangi, hakikisha una kidhibiti joto. Ubandike ubavuni, kwa nje. Kamwe usiuweke chini ya tangi, kwani konokono hujifukia udongoni kukimbia joto, na huko angelikuta kali zaidi. Udongo uwe na unyevu daima. Chomoa plagi kabla ya kunyunyiza maji. Waya ukiwa umechubuka, usiutumie: urudishe mkeka dukani pamoja na risiti.