Mashua Moja kwa Kazi Mbili: Mkulima Achague Ipi?

Swali limetufikia kutoka kwa familia moja ya Makima, katika Embu, upande ule unaopakana na bwawa la Masinga. Baba, mama na wana wawili wakubwa wameweka akiba kwa misimu mitatu, fedha za ndengu na za mbuzi, nao sasa wanataka kununua mashua. Wanataka mashua hiyo itege nyavu jioni na kuzitoa alfajiri. Tena siku za Jumamosi na Jumapili wanataka ichukue wageni wanaokuja kutembea bwawani.

Mpaka hapo hakuna ubishi katika nyumba. Ubishi umeletwa na kijana mkubwa. Yeye alifanya kazi Mombasa miaka miwili, akaona huko watu wakivutwa na mashua iendayo mbio, wamesimama juu ya mbao mbili zilizofungwa miguuni, wakiteleza juu ya maji. Anasema wageni wa Nairobi watalipa vizuri kwa mchezo huo, basi heri kununua mashua ya mbio ambayo itavua pia. Baba hana hakika. Mama amesema neno moja tu, ya kwamba fedha hizi zikipotea hakuna nyingine.

Tulikwenda tukaketi nao, tukaitazama mitumbwi iliyoko ufuoni, kisha tukazungumza na mafundi. Majibu yetu ni haya, nayo yatawafaa pia wakulima wengine walio karibu na mabwawa ya mto Tana, yaani Kindaruma lililofunguliwa mwaka 1968, Kamburu la mwaka 1974, Gitaru la mwaka 1978, Masinga la mwaka 1981 na Kiambere la mwaka 1988. Hata ndugu zetu wa Meru, ambao wako mbali na maji haya, wamekwisha anza kuuliza habari za mashua ya kuvutwa nyuma ya pikapu.

Jambo la kwanza la kufahamu ni hili. Mashua ya kuvulia na mashua ya kumvuta mtu juu ya mbao hazikutengenezwa kwa kazi moja, na tofauti yao iko chini, mahali ambapo mnunuzi hatazami. Mtumbwi uliochongoka mbele na nyuma hupasua maji na kukaa ndani yake. Ni mwepesi wa kupiga kasia na haunywi mafuta mengi. Lakini una mpaka wake. Mtumbwi wa futi 16 wa umbo hilo haupiti sana mwendo wa kilomita 10 kwa saa. Ukiufunga injini kubwa zaidi hauendi mbio, bali unazama nyuma na kuinua pua, na petroli inakwisha bure. Tumewaona watu wakifanya hivyo na kumlaumu aliyewauzia injini.

Ili mtu ainuke kutoka majini na kusimama juu ya mbao zake, mashua lazima ifike mwendo wa kilomita 30 kwa saa au zaidi. Mwendo huo hupatikana tu ikiwa mashua inapanda juu ya maji na kuteleza, na kwa hiyo inahitaji ubao wa nyuma ulio mpana na wima, tumbo lililo bapa kuelekea nyuma, na injini yenye nguvu. Kwa mashua ndogo, injini ya kumvuta mtu mzima vizuri ni ya nguvu za farasi 40 au 50. Sasa piga hesabu. Injini ya petroli ya nguvu 50 ikifunguliwa yote hula karibu lita 19 kwa saa moja. Ile ya nguvu 15 hula karibu lita 6. Mvuvi ambaye anatoka kila siku ataona tofauti hiyo kabla ya mwezi kwisha.

Tena mashua nyingi za mbio zimekatwa kama herufi V chini, ili zipasue mawimbi bila kupiga kishindo. Zikisimama huyumba. Mvuvi husimama upande mmoja akivuta wavu wenye maji na samaki, na mwenzake yuko upande huohuo akitoa tilapia na kambare kwenye matundu. Mashua inayoyumba itawatupa nje wote wawili. Viti vilivyofungwa katikati na kioo cha mbele vinawapendeza wageni, lakini nyavu hunasa kila mahali.

Mchezo wenyewe si wa zamani sana. Aliyeuanza ni kijana wa Marekani aitwaye Ralph Samuelson, katika ziwa Pepin, jimbo la Minnesota, mwaka 1922. Alijaribu kwanza mbao za mapipa, zikamshinda. Ndipo akachukua mbao mbili za msonobari zenye urefu wa futi 8 na upana wa inchi 9, akapinda ncha zake kwa mvuke wa maji ya moto, na ndugu yake akamvuta kwa mashua. Alianguka mara nyingi kabla ya kusimama. Tunataja habari hii kwa sababu ya neno hilo la kuanguka. Katika mchezo huu kila mtu huanguka, hata fundi wake, na anapoanguka hubaki majini peke yake, kwa kuwa kamba ya kumvuta kwa kawaida ni ya mita 23 na mashua lazima izunguke ndipo imrudie.

Katika Masinga na Kamburu kuna mamba na viboko. Hili halihitaji kuelezwa kwa watu wa Makima, ambao huwakataza watoto wao kuchota maji jioni. Hakuna mashua wala injini inayoweza kuliondoa. Tena maji ya mabwawa haya hayakai mahali pamoja. Mwaka 2009 Masinga lilipungua hata mitambo yake ya umeme ikazimwa mwezi wa Juni, na mwaka 2024 lilijaa maji yakamwagika juu. Kati ya siku hizo mbili ufuo husogea mbali sana. Kisiki ambacho mwaka huu kiko chini kabisa, mwaka ujao kitakuwa futi moja tu chini ya maji, na hakuna anayekiona. Matope ya mito nayo hujaza sehemu za juu, huko maji yanakoingilia. Mashua ya kasia ikigusa kisiki hukwama tu. Ile iendayo kilomita 40 kwa saa hupasuka, na mtu aliye nyuma yake juu ya mbao hupita hapohapo.

Kwa hiyo shauri letu kwa kijana tumelitoa waziwazi: usimvute mtu katika maji haya. Hakupenda. Alisema, "Lakini mzee, watu wa Mombasa wanafanya." Ni kweli, lakini wao hawana viboko. Mchezo huo una pahali pake, na pahali hapo si Masinga.

Kazi ya pili iliyobaki ni nzuri vilevile, nayo ni kuwatembeza wageni polepole. Wako wanaokuja katika hoteli iliyo karibu na ukuta wa bwawa, na wengine huja Hifadhi ya Mwea kando ya Kamburu kutazama viboko na ndege. Wageni hawa hawataki mbio. Wanataka kukaa salama, kuona, na kupiga picha. Kumbe mashua inayomfaa mvuvi inawafaa na wao.

Mashua hiyo ni ya namna gani? Kwa familia kama hii tungechagua yenye urefu wa futi 16 mpaka 18, na upana usiopungua futi 5. Chini iwe imechongoka kidogo mbele ili ipasue mawimbi ya alasiri, upepo unapoinuka, kisha iwe karibu bapa kutoka katikati mpaka nyuma ili isiyumbe. Nyuma iwe na ubao mpana wa kufungia injini ya nguvu za farasi 15. Ndani pawe wazi, viti viwe mbao za kukatiza zinazoondolewa. Siku ya nyavu mbao hutoka, siku ya wageni hurudi.

Ipo hesabu rahisi ya kujua watu wangapi wapakiwe katika maji matulivu. Pima urefu na upana kwa futi, zidisha, kisha gawanya kwa 15. Mashua ya futi 16 kwa 5 hupata 80, na 80 kwa 15 ni 5 na kitu. Basi ni watu watano, na mwenye mashua ni mmoja wao. Wageni sita wakija na fedha mkononi, safari ni mbili. Hapa ndipo watu wengi wamekufa katika maziwa yetu, si kwa sababu mashua ilikuwa mbovu bali kwa sababu ilijazwa. Hata vyombo vikubwa hupinduka hivyo. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Tanzania, tarehe 20 Septemba 2018, kilikuwa kimechukua watu wengi kupita kiasi chake, wakafa watu zaidi ya 200, na nchi kavu ilikuwa karibu.

Juu ya mbao au faibaglasi, sisi hatuna ugomvi na yoyote. Ya mbao fundi wa kijijini aweza kuitengeneza, lakini itataka kuzibwa nyufa na kupakwa rangi kila mwaka, na jua la Mbeere ni kali. Misumari iwe ile isiyoshika kutu. Mkulima mmoja alituuliza kama mukau aliopanda shambani mwake ungefaa, kwa kuwa hauliwi na mchwa. Mchwa hawako majini, tulimwambia, kwa hiyo amwonyeshe fundi ubao wenyewe kwanza. Faibaglasi haiozi, ni ghali zaidi, na nyingi zinazouzwa zimekwisha tumika pwani.

Ukinunua iliyotumika, usiende peke yako na usiende jioni. Gongagonga ubavu wote kwa sarafu. Mahali pazima hulia kwa sauti kali, na mahali palipooza ndani hulia kama boga. Kanyaga sakafu, isibonyee. Kisha shika injini ikiwa imeinuliwa, uikandamize chini kwa nguvu huku ukitazama ubao wa nyuma. Ukiona ufa au ubao unacheza, mbao ya ndani imeoza, nawe ondoka. Injini iwashwe mbele yako ikiwa baridi. Muuzaji akiwa ameipasha moto kabla hujafika, uliza sababu. Kila injini hutema maji membamba nyuma kuonyesha kwamba inapoa. Yasipotoka, usilipe. Fungua pia mafuta ya sanduku la chini. Yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia.

Kosa moja dogo limewagharimu wengi. Injini hizi huwa na mguu mfupi au mrefu, na ubao wa nyuma hutengenezwa wa inchi 15 au 20 kuzifuata. Mguu mfupi kwenye ubao mrefu huvuta hewa, injini ikalia sana na mashua isiende. Mguu mrefu kwenye ubao mfupi hupiga visiki. Chukua futikamba uende nayo.

Kabla ya kutia mashua majini, fika kwa afisa wa uvuvi wa kaunti na kwa kamati ya ufuo, ile watu huiita BMU, ili mashua iandikishwe na wavuvi wapate leseni. Ukichukua abiria wa kulipa, mashua hukaguliwa na Mamlaka ya Bahari ya Kenya, yaani KMA. Nyavu za uzi mmoja wa plastiki na makokoro ni marufuku, hata kama muuzaji anakwambia zinakamata zaidi. Zinakamata, ndiyo, pamoja na watoto wa samaki wa mwaka ujao. Na usikaribie ukuta wa bwawa wala mahali maji yanapomwagikia, hata siku ya kutulia.

Ndani ya mashua pawe makasia mawili hata kama injini ni mpya, nanga na kamba yake, kopo la kutolea maji, na jaketi la kuokolea kwa kila mtu, tena livaliwe. Likiwa limekaliwa kama mto, haliokoi mtu. Ile kamba fupi ya kuzimia injini ifungwe mkononi mwa anayeendesha, maana akianguka nje bila kamba hiyo mashua huzunguka peke yake na kumrudia kwa panga lake.

Familia ya Makima haijanunua bado. Wamekwenda kutazama mashua mbili. Ya kwanza ilikuwa nyekundu, nzuri machoni, nayo ililia kama boga. Ya pili ni ya futi 17, rangi imechakaa, ubao wake wa nyuma ni mzima, na wanapatana bei. Kijana amekubali injini ya nguvu 15. Mama ameweka sharti kwamba jaketi zinunuliwe siku ileile ya kununua mashua, na mbili kati yake ziwe za watoto, kwa sababu anajua watakaa ufuoni wakilia mpaka wachukuliwe.