Ng'ombe wa picha na ng'ombe wa hesabu

MAISHA ya shamba ya kizamani yamegeuka bidhaa yenye soko kubwa nchini Marekani. Katika picha za mtandaoni mama aliyevaa gauni la maua anakamua ng'ombe, anakanda unga, na watoto wanaokota mayai. Baadhi ya watazamaji huuza nyumba mjini wakanunua ekari chache. Hapo ndipo hesabu huanza kuwaumiza.

Mfano unaotajwa sana ni Ballerina Farm, shamba la ekari 328 la Hannah na Daniel Neeleman huko Utah. Hannah, aliyesomea dansi ya baleti katika chuo cha Juilliard, New York, ana wafuasi mamilioni. Familia hiyo huuza nyama, vifaa vya kuokea mikate na bidhaa nyingine kwa wateja wa mbali, kwa hiyo picha ndiyo tangazo, tena la bure. Baba yake Daniel ni David Neeleman, mwanzilishi wa shirika la ndege la JetBlue, jambo ambalo mtu aliyekopa benki kununua ekari kumi asilisahau anapojilinganisha nao.

Hata kwao kazi si lelemama. Julai 2024 gazeti la The Times la London liliandika kuwa uchovu humlaza Hannah kitandani hata wiki nzima. Mwenyewe alijibu kwamba habari hiyo ilikuwa shambulio dhidi ya familia yake.

Tumchukue ng'ombe mmoja. Hula takriban kilo 12 za majani makavu kwa siku. Theluji ikifunika malisho miezi mitano, mwenye ng'ombe anahitaji karibu tani mbili ghalani, na asiyelima majani yake huyanunua. Hukamuliwa mara mbili kwa siku, Krismasi ikiwemo. Ili aendelee kutoa maziwa lazima azae, na kabla ya kuzaa huachwa bila kukamuliwa siku 60 hivi. Siku hizo hula vilevile, ila hazipigwi picha.

Sensa ya kilimo ya Marekani ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa asilimia 43 tu ya mashamba yalibakiwa na fedha baada ya kutoa gharama. Familia nyingi zenye mashamba madogo huishi kwa mshahara wa kazi ya nje, na bima ya afya mara nyingi hutoka huko huko.