Kumpiga Picha Mtoto wa Sokwe

Mtoto wa sokwe hapigwi picha bila ridhaa ya mama yake. Miezi ya mwanzo humng'ang'ania tumboni, baadaye hupanda mgongoni, na huendelea kunyonya hadi miaka minne au mitano. Mama akishtuka, wote wawili hupotelea majanini.

Ridhaa hiyo hupatikana kwa miaka ya kuzoeana. Ugalla, kusini magharibi mwa Tabora, hilo ni gumu: sokwe ni wachache na wametawanyika katika miombo mikavu. Huko zinazosaidia ni kamera za mtego, zinazojiwasha mnyama anapopita. Picha zake si za kutundika ukutani, ila huonyesha jike gani ana mtoto.

Gombe, kaskazini mwa Kigoma, ilikuwa rahisi zaidi, tena rahisi kupita kiasi. Hugo van Lawick alifika mwaka 1962, ametumwa na National Geographic kupiga picha za utafiti wa Jane Goodall. Flint, mwana wa sokwe jike aitwaye Flo, alizaliwa mwaka 1964, na picha yake akimnyooshea Goodall mkono ilizunguka dunia. Ukaribu ule ulinunuliwa kwa ndizi: sokwe waliwekewa chakula kambini, wakazoea watu, wakagombana kuliko kawaida yao. Mwaka 1966 polio ikawapiga. Sokwe huambukizwa maradhi mengi ya binadamu, na mafua ya mgeni yanaweza kuwaua. Ndiyo maana leo mgeni hutakiwa kukaa mita 10 mbali nao, na katika hifadhi ya Mahale huvaa barakoa. Picha ile mashuhuri ingepigwa leo, mpigaji angetolewa hifadhini.

Kwa umbali huo lenzi ndefu hutosha. Kinachosumbua ni mwanga. Kamera ikikutana na manyoya meusi kwenye kivuli, hudhani pana giza, huongeza mwanga, na uso wa mtoto, ambao bado ni mweupe, huungua. Dawa ni kupunguza mwanga kwa mkono na kupima usoni. Taa ya kamera haitumiki, kwa sababu huwashtua wanyama.

Watalii hufuta picha zilizopigwa kutoka nyuma. Watafiti huzitaka: kishungi cha nywele nyeupe makalioni ni alama ya utoto, nacho hufifia mtoto anapokua.