Furaha ya imani haifuti hesabu ya mifugo

Kuna kauli moja iliyozoeleka mno katika makanisa yetu, kuanzia mjini Ngong hadi Kitengela na kuteremka mpaka Bisil na Namanga. Mtu akifikwa na dhiki, awe amefiwa, amefutwa kazi au amepoteza mifugo, huambiwa afurahi. Huambiwa hivyo kanisani, huambiwa hivyo matangani, na aghalabu wanaomwambia hawajaketi naye hata nusu saa kumsikiliza. Asipofurahi, hushukiwa kwamba imani yake ina walakini. Nadhani wakati umewadia kwa sisi tunaofundisha, na kwa vijana wanaofundishwa, kulichunguza neno hilo kwa makini, kwa sababu furaha inayozungumziwa katika Maandiko ya Kikristo siyo hii wanayodaiwa waliofikwa na msiba.

Ili tusijadili hewani, tuitazame dhiki yenyewe kwanza. Tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwanzoni mwa 2023, misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo katika sehemu kubwa ya Pembe ya Afrika pasi na mvua ya kutosha. Rais Uhuru Kenyatta alitangaza ukame huo kuwa janga la kitaifa mnamo Septemba 2021, na wakati huo misimu mitatu mingine ya kuvunja moyo ilikuwa bado iko njiani. Hadi ukame ulipokoma, zaidi ya mifugo milioni 2 ilikuwa imekufa nchini Kenya. Mnamo Novemba 2022 Wizara ya Utalii ilitoa hesabu ya wanyamapori waliokufa: tembo 205, nyumbu 512, punda milia wa kawaida 381. Amboseli, ambayo imo Kajiado, ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika zaidi. Ikiwa tembo, mwenye uwezo wa kutembea masafa marefu kutafuta maji, alianguka, seuze ndama wa miezi miwili?

Asiyefuga huenda akadhani kwamba mfugaji amepoteza mali tu, kama mwenye duka aliyeibiwa shehena ya sukari. Sivyo. Ng'ombe ni karo ya muhula ujao, ni mahari ya kijana, ni maziwa ya mtoto asubuhi, na ni heshima ya mzee mbele ya rika lake. Ana jina, aghalabu la rangi yake au la umbo la pembe zake. Katika miezi ile mibaya watu wa Kajiado waliwaswaga ng'ombe wao hadi upande wa Chyulu, wengine wakavuka mpaka kuingia Tanzania. Waliobaki nyumbani walinunua marobota ya nyasi ambayo bei yake ilipanda kila juma, ilhali bei ya ng'ombe sokoni ilizidi kuporomoka, kwa kuwa nani atanunua mifupa? Fauka ya hayo, njia za kale za kuhamia malisho zilikuwa zimekwisha kukatwa. Pande za Kitengela na Isinya ardhi imegawanywa, ikauzwa na kuzungushiwa nyua, na mfugaji anayefuata nyasi hukutana na seng'enge pale ambapo babake alikutana na bonde wazi.

Wapo waliosimama na kusema kwamba ukame ule ulikuwa adhabu ya dhambi za Wamaasai. Mimi si mwanateolojia, lakini naona ni hukumu iliyotolewa kwa wepesi wa kutisha. Wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution walitoa uchunguzi wao mnamo Aprili 2023 na kueleza kwamba ukame wa namna ile uliongezewa uwezekano wa kutokea angalau mara 100 kutokana na mabadiliko ya tabia nchi yaliyosababishwa na binadamu. Moshi uliochangia hali hiyo haukutoka katika maboma ya Bisil.

Kwa Mkristo anayesali kwa lugha ya Kimaa, jambo hili lina uchungu wa ziada ambao wasemaji wa lugha nyingine hawauonji. Neno *Enkai*, ambalo ndilo linalotumiwa katika Biblia ya Kimaa kumtaja Mungu, ndilo pia neno la mbingu na la mvua. (Kiambishi chake cha mwanzo ni cha jinsia ya kike, jambo ambalo wahubiri wengi hulisahau mara tu wanapohamia Kiswahili.) Tangu kale Wamaasai walizungumza juu ya Enkai Narok, yaani mweusi kama wingu lililobeba maji, mwenye huruma, na Enkai Nanyokie, mwekundu, wa ghadhabu na kiangazi. Hebu mfikirie basi mwanamke aliyepiga magoti mwezi baada ya mwezi akimwita Enkai, na enkai haiji. Katika lugha yake, Mungu aliyenyamaza na mvua iliyokosekana viliitwa kwa jina moja. Huyo ndiye tunayemwambia afurahi.

Nilipata kuhudhuria ibada moja mwaka 2022, mbele kidogo ya mji wa Kajiado, chini ya mgunga, kwa kuwa jengo la kanisa halikuwa limekamilika. Ulipofika wakati wa ushuhuda, mzee mmoja alisimama na kuanza kuwataja ng'ombe wake waliokufa, mmoja baada ya mwingine, kwa rangi zao. Kijana aliyekuwa akiongoza ibada alitaka kumkatiza kwa wimbo. Mzee alimwinulia mkono, akaendelea. Alipomaliza hesabu, na ilikuwa ndefu, yeye mwenyewe ndiye aliyeanzisha wimbo wa sifa, nao waumini wakampokea. Wapo wageni waliosema baadaye kwamba mzee alikuwa amepoteza muda kwa kuomboleza kabla ya kufikia sifa. Kwa maoni yangu hesabu ile ilikuwa sehemu ya sifa zenyewe, na ninao ushahidi wa Maandiko.

Katika Agano la Kale kimo kitabu kifupi cha sura tatu tu, cha nabii Habakuki. Wahubiri hukipenda sana kwa sababu ya tamko lake la mwisho la furaha. Wachache husoma kuanzia mwanzo. Kitabu kinaanza kwa mashtaka: nabii anamuuliza Mungu atalia hata lini bila ya kusikilizwa, na kwa nini dhuluma inatazamwa tu. Ndipo katika sura ya tatu anapoorodhesha hasara: mtini usiochanua, mzabibu usiozaa, mzeituni uliomwangusha mkulima, mashamba yasiyotoa chakula, zizi lisilo na kondoo, na banda lisilo na ng'ombe. Orodha hii mfugaji wa Kajiado hahitaji kufafanuliwa. Baada ya orodha hiyo ndipo nabii anaposema kwamba atafurahi.

Wanafunzi wangu wa isimu hunisikia nikisema mara kwa mara kwamba viunganishi vidogo hubeba mizigo mikubwa. Hapa nabii anatumia kiunganishi cha Kiebrania ambacho kinaweza kutafsiriwa kwa *na* au kwa *lakini*. Hatumii neno la kusema kwamba furaha imeletwa na hasara, wala hasemi kwamba furaha itakuja baada yake. Anaviweka viwili hivyo bega kwa bega, zizi tupu na moyo unaoshangilia, bila ya kimoja kumfukuza mwenzake. Methali yetu husema baada ya dhiki faraja, nayo ni methali njema. Lakini Habakuki hakungoja hiyo *baada*. Hali kadhalika Paulo, ambaye barua yake kwa Wafilipi inatajataja furaha kila mara, aliiandika akiwa mfungwa, na humo hakuficha minyororo yake.

Tukitoka kwenye furaha tukaingia kwenye amani, Kiswahili chenyewe kinatufundisha. Maneno *imani*, *amani*, *amini* na *amana* yote yametujia kutoka Kiarabu, na yote yana shina moja la konsonanti tatu. Shina hilo limo pia katika Kiebrania, ndugu ya Kiarabu, na humo ndimo lilimotoka *amina* tunayomalizia sala. Maana yake ya msingi ni uthabiti, kitu kisichotikisika, kitu unachoweza kukiegemea. Habakuki huyu huyu, katika sura ya pili, anasema kwamba mwenye haki ataishi kwa *emuna*, neno la shina hilo hilo ambalo wafasiri hulitafsiri imani.

Sasa litazame neno hilo lilipotokea mapema zaidi, katika kitabu cha Kutoka, sura ya 17. Waisraeli wanapigana na Amaleki, na Musa yuko juu ya kilima ameinua mikono. Mikono inachoka. Haruni na Huri wanamletea jiwe la kukalia, kisha mmoja anashika mkono huu na mwingine mkono ule, na mikono ya Musa inakuwa *emuna*, yaani thabiti, mpaka jua kuchwa. Naomba mwalimu wa somo la dini aisome aya hiyo polepole darasani. Imani hapa haikuwa hisia iliyojaa moyoni mwa mtu mmoja. Ilikuwa mikono ya mzee aliyechoka, iliyoshikiliwa na watu wawili wengine. Lau wangemwachia wakamhimiza tu awe na imani, mikono ingeanguka.

Wamaasai wanalo neno linalolingana na hilo, na pengine linalipita. *Osotua* kwa asili ni kitovu, ule utepe unaomuunganisha mtoto na mamake. Kutokana na hapo likapata maana ya uhusiano wa kindani baina ya watu, na tena maana ya amani na agano. Walipotafsiri Agano Jipya, lililotolewa kwa Kimaa mwaka 1923, wafasiri hawakuhitaji kubuni neno: waliliita *Osotua Ng'ejuk*. Mwanaanthropolojia Mmarekani Lee Cronk, ambaye alifanya utafiti wake miongoni mwa Wamukogodo wa Laikipia, ameeleza jinsi uhusiano huu unavyotenda kazi. Mwenye osotua nawe huja kuomba anapohitaji, na huomba kile anachokihitaji tu. Wewe humpa ukiwa na uwezo. Wala halihesabiwi kuwa deni.

Nionavyo mimi, hapo ndipo ilipokuwa amani ya waumini wa Kajiado katika miaka ile. Aliyebakiwa na ng'ombe watatu alimpa mwenzake mmoja anayekamwa, kwa ajili ya watoto. Mahubiri juu ya amani bila ya mtamba huyo yangekuwa maneno matupu, na mtamba bila ya sala huenda pia usingemtosha mtu aliyekuwa amekata tamaa ya kuishi. Kiswahili kinatumia neno *mchungaji* kwa mchunga mifugo na kwa kiongozi wa kanisa. Kwingine hiyo ni tamathali ya usemi. Kajiado nimekutana na wachungaji waliokuwa wachungaji kwa maana zote mbili, waliozika asubuhi na kuburuta mizoga jioni. Hao sikuwasikia hata siku moja wakimwamuru mtu kufurahi.

Nawasikia zaidi wale wanaouza furaha kwa bei: panda mbegu ya fedha leo, na kesho zizi litajaa. Mtu aliyeuza mbuzi wake wa mwisho kupanda mbegu hiyo, na zizi lisijae, huachwa na majuto mawili, umaskini wake na shaka kwamba hakuamini vya kutosha. Na uko upotovu mbaya zaidi. Mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliokuwa wameambiwa kwamba kufunga hadi kufa ni njia ya kukutana na Yesu. Mafundisho hayo yaliyageuza mateso kuwa ndiyo furaha yenyewe. Habakuki hasemi kwamba njaa ni njema. Anaiita njaa kwa jina lake, halafu anamwita Mungu.

Mvua ilirudi mwaka 2023, tena ikapita kiasi: mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliingia majumbani Kitengela na kuwakatia watu njia. Waliokuwa wamelia kwa kukosa maji walilia kwa kuzidiwa na maji. Darasani wamo watoto walioyaona yote mawili kabla ya kufika kidato cha pili, na baadhi yao walirudi shuleni wakiwa wamechelewa muhula mzima kwa ajili ya karo. Mwalimu anapowapa insha juu ya furaha, asistaajabu kupokea orodha ya rangi za ng'ombe, na tafadhali asiikatie alama kwa kisingizio cha kutoka nje ya mada. Wala wanaofundisha somo la dini wasiruke hadi aya za mwisho za Habakuki kwa kuwa ndizo zinazopendeza kwenye mikutano. Sura tatu zinasomeka katika kipindi kimoja, na muda hubaki. Mwanafunzi akiuliza ni kwa nini nabii alianza kwa kumlalamikia Mungu na hakuadhibiwa, aachwe aulize mpaka kengele ilie.